Mama Mgema na Kisu Chake cha Kukunja

Kabla hujamwona, ulikisikia kisu chake. Kikifunguliwa kilisema "ka". Kikifungwa kilisema "to". Katikati ya sauti hizo mbili kulikuwa na kazi imefanyika: kamba imekatwa, boga limepasuliwa, au mwiba umetoka kwenye kisigino cha mtu. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na uchochoro wa kupita mbuzi, kwa hiyo mimi niliamka na "ka" yake ya asubuhi kama watu wa mjini wanavyoamka na redio.

Jina lake sitaliandika. Wabaya nitawataja, maana wapo na wanakula vizuri, waache wasomeke. Yeye tulimwita Mama Mgema, watoto wa shule na katekista wote, naye aliitika. Kwetu huku Mufindi mwanamke kugema ulanzi ni kitu cha watu kusimama barabarani na kuangalia. Kugema ni kwa wanaume. Mwanamke kazi yake ni kuuza na kuvumilia walevi. Mume wake alipofariki na kuacha mianzi, mashemeji walikuja na nyuso za msiba wakasema, "Shemeji, usiwe na wasiwasi, sisi tutakusaidia kugema."

"Mkinisaidia kugema mtanisaidia na kunywa," akawaambia. "Halafu mimi nitabaki kusaidiwa nini?"

Kesho yake akaingia mwenyewe kwenye mianzi.

Kwa asiyejua, ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikishika, machipukizi yanatoka ardhini, na yakifika kimo cha kiuno unakata ncha. Unaliinamisha chipukizi kidogo, unafunga mbeta mdomoni pake, yaani kikombe kirefu cha mwanzi, na maji yanadondoka humo. Sasa shughuli inaanza. Asubuhi na jioni lazima upite unyoe lile jeraha, ngozi nyembamba tu, kama ganda la kitunguu. Ukinyoa sana, umeua chipukizi. Ukiacha kunyoa, jeraha linakauka na kuziba, na mwanzi unasahau kabisa kuwa ulikuwa unatoa. Mgema akiwa na kisu kibaya, hata awe na shamba zima la mianzi, atakunywa maji ya kisimani.

Wagema wengine walikuwa na visu virefu vya kuchomeka kwenye mkanda, kazi za wahunzi. Yeye alikuwa na hicho cha kukunja. Mpini wa pembe nyeusi, umepasuka ubavu mmoja, akaufunga kwa waya mwembamba wa shaba mpaka ukawa kama una bangili. Bapa lake wakati nalifahamu lilikuwa limeliwa na kunolewa, limebaki jembamba kama jani la mwanzi lenyewe. Alikifunga kwa kamba ya katani kiunoni, chini ya kanga, na juu ya kanga akavaa koti la kijeshi la mwanaume kwa ajili ya baridi yetu. Ilibidi apekue nguo kama mtu anayetafuta kiroboto ndipo kisu kitoke. Watu wapya walicheka. Wenyeji tulisubiri.

Kilitoka wapi? Hapo kila aliyeuliza alipewa hadithi yake. Mimi aliniambia alikinunua Iringa mjini kwenye duka la Mhindi mmoja, akakichagua kwa kunusa. Mke wangu alimwambia alipewa na Mchina wa reli kule Makambako baada ya kumwonjesha ulanzi. Katekista aliambiwa ni urithi wa marehemu. Siku moja tukiwa wote watatu tumekaa, nikamuuliza sasa ukweli ni upi.

"Wote ni ukweli," akasema. "Mnataka kisu kiwe na baba mmoja, kwani kinaenda kubatizwa?"

Alikuwa na masharti. Hukupewa kisu mkononi. Alikikunja, akakiweka chini, wewe ukakiokota. Kurudisha ni hivyo hivyo: kimekunjwa, kimefutwa, chini. Mwalimu wa kwaya aliwahi kukirudisha wazi, na tangu siku hiyo alikata kamba za mbuzi wake kwa meno. "Anayerudisha kisu wazi ameomba ugomvi," alisema Mama Mgema, "na mimi sina muda wa kugombana na mtu wa sauti ya tatu."

Sharti lingine lilikuwa chumvi na kitunguu. Kisu cha ulanzi hakigusi chumvi wala kitunguu, ulanzi utakata, utachacha siku ile ile. Alilihubiri jambo hilo kwa wagema wanaume mpaka wakamwogopa. Basi asubuhi moja naingia uani kwake namkuta anamenya viazi, na pembeni kitunguu kimekatwa vizuri, vipande vyembamba ambavyo kisu cha jikoni hakiwezi.

"Mama Mgema! Kitunguu hicho?"

Hakushtuka hata kidogo. "Kwani kisu kina pua?"

Ulanzi wake siku hiyo ulikuwa mtamu vile vile.

Kero yake kubwa na kile kisu ilikuwa sisimizi. Ulanzi ni sukari. Unaingia kwenye ule mfereji wa mpini ambamo bapa linalala, unaganda, bawaba inakuwa nzito, na sisimizi wanapata habari. Kila Jumamosi alikichemshia maji, akakisugua kwa unyoya wa kuku, akadondoshea mafuta ya nyonyo kwenye ribiti. Akisahau, Jumapili tulijua. Tulikuwa kanisani, katekista yuko kwenye sala ndefu ya kuombea viongozi, Mama Mgema anaanza kujikuna kiunoni, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Benchi zima likaanza kujikuna. Katekista akafumbua macho akauliza kuna nini.

"Endelea, Baba," akasema. "Hawa ni wangu."

Yeye mwenyewe hakunywa. Alionja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema "bado" au "tayari". Mtogwa, ule mtamu wa siku ile ile, aliwapa watoto bure na wazee bure. Mkangafu, ule uliolala ukawa mkali, aliuza, na mtu akizidiwa alimnyang'anya kikombe. Alikuwa mchoyo wa kisu na mkarimu wa kila kitu kingine. Alikuwa na ulimi wa kuchuna ngozi, lakini mtoto akiwa na mwiba alipelekwa kwake, si kwa mama yake, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi. "Kisu kikali hakina hasira," alimwambia mtoto huku anamshika mguu. "Butu ndicho chenye hasira, maana kinalazimishwa." Mtoto akiwa bado anafikiria maneno hayo, mwiba ulishatoka.

Sasa nifike kwenye uchungu.

Mwaka sabini na nne tulihamishwa kutoka mabondeni tulikozaliwa, tukaletwa kwenye mstari wa nyumba kandokando ya barabara. Wazo lenyewe sitalibishia, wenye elimu wamelibishia. Mimi nawazungumzia watu. Katibu Zefania ndiye aliyesema lori liondoke siku hiyo hiyo, wakati huko tunakokwenda hapakuwa na hata kibanda. Filemoni, kamanda wa mgambo, ndiye aliyepanda juu ya nyumba yangu akaiezua kabla sijamaliza kutoa mtungi. Nilimwambia mtoto wangu anakohoa. Akasema, "Kohoeni mkienda." Tulilala chini ya nyasi na mvua za kwanza zikatukuta hapo. Mwanangu, aliyeitwa Sikujua, hakuona mvua za pili. Zefania na Filemoni. Nimeshaandika.

Siku ile ya lori kila mtu alibeba alichoona kina thamani: sufuria, kuku, mlango. Mama Mgema aliacha kitanda. Alibeba mashina ya mianzi, ameyachimba kwa jembe usiku kucha, ameyafunga na udongo wake kwenye magunia yaliyolowa. Filemoni alilitupa gunia moja chini. Mama Mgema akashuka, akaliokota, akapanda tena. Lori linatikisika, watu wanalia, yeye amekaa juu ya magunia, "ka", anapunguza mizizi iliyovunjika, anaikata mshazari ili isioze. Mke wangu akamuuliza, "Mama, kitanda umeacha unabeba mizizi?"

"Kitanda kinazaa?"

Akayapanda nyuma ya nyumba yake mpya, pembeni kwenye mteremko ambapo mistari ya mahindi ya Katibu haikufika. Akamwambia kila mtu wazi kabisa anachotaka. Anataka mianzi yake itoe ulanzi kwenye ardhi hii tuliyotupwa. Wazee walitikisa vichwa. Udongo huu mwekundu ni mkavu, walisema, mianzi itaota majani tu. Na hata ikikubali itachukua miaka. "Mna safari?" akawauliza. "Mimi sina. Nitasubiri hapa."

Kila nyumba aliigawia kipande cha shina. Kwangu alikileta akakiweka mlangoni. Sikukigusa. Nilikuwa nimeapa kwamba ardhi iliyomla mwanangu sitaipandia kitu. Alijua. Watu wote walikuwa wameacha kuniita Baba Sikujua, wakaanza kuniita kwa jina langu la ujana, wakidhani ni huruma. Yeye hakuacha. "Baba Sikujua, kamwene," kila asubuhi, akipita na mbeta zake tupu. Mara ya kwanza nilikasirika. Baadaye nilikuwa nasubiri apite.

Kile kipande kilikaa pale mlangoni, matone ya paa yakikidondokea. Mvua iliyofuata kikatoa jicho la kijani bila ruhusa ya mtu. Nikatupia udongo kidogo, basi tu, mbuzi wasikile.

Mianzi yake ilikubali. Ilichukua miaka kama walivyosema, ikatoa majani, ikatoa fito nyembamba za kudharauliwa, halafu msimu mmoja wa mvua yakatoka machipukizi manene kama mkono wa mtu, yenye manyoya meusi. Kijiji kizima kilikwenda kuangalia. Wazee walisimama pale mikono nyuma, kama wanatazama ndama. Akakata ncha. Akafunga mbeta. Jioni ile mbeta ilikuwa na vijiko vichache tu chini, na kila mzee aliingiza kidole.

"Bado," akasema yeye. Ilikuwa inaanza. Ilitaka kunyolewa asubuhi na jioni, bila kukosa, mpaka izoee kutoa.

Na hapo ndipo Katibu Zefania akatangaziwa kwamba mkubwa kutoka wilayani atatembelea kijiji. Akachanganyikiwa kwa furaha. Nyumba zipakwe chokaa, mbwa wafungwe, silaha zote zikusanywe ofisini mpaka mgeni aondoke. Filemoni akapita na vijana wake wakakusanya mikuki, pinde, na mashoka ya watu waliokuwa wanamjibu vibaya. Wakafika kwa Mama Mgema.

"Kisu," akasema Filemoni.

"Cha jikoni kile pale."

"Cha kiunoni."

Tukatoka nje wote. Wagema wanaume walikuwa wameachiwa visu vyao virefu, vinaning'inia mikandani mbele ya macho ya kila mtu. Mama Mgema akaonyesha kwa mdomo. "Na hivyo?"

Katibu mwenyewe alikuwepo, amevaa suti yake ya mikono mifupi. Akajibu kwa sauti ya mkutano. "Mama, kisu kinachoonekana ni chombo cha kazi. Kisu cha kukunja ni cha kuficha. Mtu mwema hafichi kisu tumboni."

"Hata ulimi umefichwa mdomoni, Katibu, na unatembea nao kila siku."

Watu walicheka, na kucheka kule ndiko kulikomponza. Filemoni akakata kamba ya katani, akaondoka nacho.

Nilimwona Mama Mgema akilia mara hiyo moja tu, na hakulia kwa sauti. Alikuwa amesimama kwenye mianzi na kisu cha jikoni. Kilikuwa kinene. Hakikunyoa, kilitafuna, jeraha likabaki na nyuzi nyuzi. Akajaribu wembe, ukapinda. Wagema wakampa visu vyao, wenyewe bila kuombwa, lakini vilikuwa vizito kwa mkono wake na kwa machipukizi yale machanga ya mwaka wa kwanza. Kila alilokata, alikata sana. Asubuhi alikwenda ofisini, akakaa kwenye ngazi mpaka jua likawa kali. Zefania alipita juu ya miguu yake. Jioni alirudi kutazama mbeta. Matone yalikuwa yanadondoka kwa kuachana mbali. Halafu machipukizi yakaanza kuziba, moja moja.

"Baba Sikujua," akaniambia, "miaka yote hii nilikuwa nasubiri ardhi. Kumbe wa kusubiri alikuwa mtu."

Mgeni akaja. Ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, na mgeni akasema kwa utani kwamba amesikia huku kuna ulanzi, na yeye hanywi kikali, angeomba ule mtamu wa leo leo. Zefania akatabasamu mpaka masikioni. Akamwita Mama Mgema mbele za watu, "Mama yetu, mletee mgeni mtogwa!"

Akasimama. Koti lake la kijeshi amelipiga pasi.

"Ulanzi uko kwenye kabati lako, Katibu."

Mgeni akacheka akidhani ni methali ya kwetu. Akamwomba afafanue. Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto mwenye mwiba: chipukizi, jeraha, asubuhi, jioni, kisu. Hakumtukana mtu. Hakuhitaji. Mgeni akamtazama Zefania, Zefania akamtazama Filemoni, Filemoni akaenda kufungua kabati. Kisu kikaletwa mezani, na sisimizi wakatoka mpinini wakaanza kutembea kwenye kitambaa cheupe kuelekea kwenye soda ya mgeni. Mgeni akavuta kiti nyuma.

"Silaha yenu ina wanajeshi," akasema, na safari hii hata mgambo walicheka.

Sitaki mtu adhani mgeni alikuwa mkombozi. Alisema kisu kirudishwe, akanywa soda, akapanda gari. Zefania alibaki katibu, Filemoni alibaki kamanda. Na kisu kilirudi ncha imevunjika, kwa sababu Filemoni alikuwa amekitumia kufungulia debe la mafuta. Kisu kile kilikuwa cha kunyoa, na mtu anabandulia debe. Mama Mgema akakigeuza mkononi. Akakaa kwenye jiwe lake mtoni akaanza kukinoa upya kuanzia mwanzo, akitafuta ncha nyingine nyuma ya ile iliyovunjika.

"Umefupishwa," akakiambia. "Basi tutasogea karibu."

Msimu ule ulikwenda bure. Machipukizi karibu yote yalikuwa yameziba, na yaliyobaki yalitoa ya kulowesha ulimi. Wazee wakasema sasa amekoma. Mimi mwenyewe nilichoka na kijiji kile, nikachoka kuona Filemoni akipita mbele ya nyumba yangu anapiga mluzi. Nikahama na mke wangu, nikaenda Mbeya, Ilomba, kubeba magunia. Nilimuaga Mama Mgema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kubadilishiwa mawazo.

Mwaka sabini na tisa, mvua zikiwa katikati, nikapata safari ya Makambako, na nilipofika hapo nikajikuta napanda basi lingine mpaka Nyololo. Kutoka pale nilikwenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa mzito, barabara inateleza. Nilikuwa nimebeba habari mbaya na nilitaka kumpa mtu.

Sikumkuta nyumbani. Nikazunguka nyuma, na mteremko ule sikuutambua. Mianzi ilikuwa imefunga juu kama paa la kanisa. Nyuma ya nyumba za jirani kulikuwa na vichaka vingine, na mlangoni mwa nyumba yangu ya zamani pia, kikubwa, kinachofaa kabisa. Mama Mgema alikuwa amesimama mbele ya chipukizi, kisu kimekunjwa mkononi. Alikuwa amezeeka ghafla. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mafundo ya mianzi.

"Baba Sikujua, kamwene."

"Kamwene, Mama. Hushtuki hata kuniona?"

"Nilikuwa nasubiri mtu yeyote mwenye kucha. Umekuja wewe."

Nikamwambia habari niliyobeba. Zefania amepandishwa cheo. Nimemwona Mbeya kwa macho yangu, amenenepa, anashuka kwenye gari la serikali, na hakunikumbuka. Niliyasema yote nikiwa nimesimama pale, nikitaka aseme kitu kikubwa, amlaani.

"Anakunywa nini huko?" akauliza.

"Bia."

"Maskini."

Akaninyooshea kisu mkononi, bila kukiweka chini kama desturi yake. Springi ilikuwa bado ngumu na bapa fupi lilikuwa limekaa ndani kabisa, na vile vidole visingeweza kulivuta hata kwa siku nzima. Nikaingiza ukucha. "Ka." Nikainama kwenye chipukizi, nikitaka kumsaidia, na akanipiga kofi dogo la mkono.

"Wewe fungua tu."

Akakichukua. Akakiegemeza kiganjani, si kwenye vidole, kwa namna aliyojifundisha mwenyewe na ambayo sikuwahi kuiona kwa mgema mwingine. Akanyoa. Ngozi iliyotoka ilikuwa nyembamba, ningeweza kusoma kupitia humo kama ningekuwa msomaji mzuri. Jeraha likang'aa, tone likakusanyika ukingoni, likaanguka kwenye mbeta, na nyuma yake lingine lilishafika.

Hakulitazama. Alikuwa ameshageukia chipukizi la pili.

"Unakaa siku ngapi?" akaniuliza, mgongo kwangu.

Nikamwambia nilikuwa nimepanga kurudi na basi la mchana.

"La mchana limejaa," akasema. "Njoo, kuna mingine mpaka kule chini."